Nilipiga Hodi Mara Tatu

Pwani nilikokulia, mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa mara ya tatu hugeuza njia akaenda zake, wala hanuni: huenda mwenye nyumba amelala, huenda yumo bafuni, huenda leo hana nafasi ya kupokea mtu. Adabu hiyo nilifundishwa kabla sijajua kusoma. Nilipofika umri wa miaka 22 niliibeba nikaingia nayo mahali ambapo watu walikuwa na adabu nyingine, nami sikujua.

Ilikuwa mwaka 2006, Tanga mjini. Nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu katika banda lake la ufundi Ngamiani, tukitengeneza redio, deki na televisheni. Mchana ulikuwa wa kulehemu na kubadilisha fyuzi. Usiku ulikuwa wa kompyuta. Kompyuta yenyewe niliiunganisha kwa miezi kadhaa. Sanduku nililipata kwa jamaa aliyekuwa akihama, kibodi iliyong'oka herufi mbili nilipewa bure, na skrini, moja ya zile za chogo zinazomtoa mtu jasho kuibeba, niliinunua ikiwa imeshatumika. Hakuna aliyenituma. Wako wanaomaliza kazi wakaenda kucheza bao, na wako wanaokwenda ufukweni na mshipi. Mimi nilipenda kufungua kitu nijue kinafanyaje kazi, na kompyuta kwangu ilikuwa redio isiyokwisha kufunguliwa.

Kijana aliyesimamia mkahawa wa intaneti niliouzoea ndiye aliyenipa habari za Linux, mfumo wa kompyuta ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kumgawia mwenzake. Akaniambia pia kwamba wenye Ubuntu, aina ya Linux iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, walikuwa wakimpelekea mtu diski popote alipo bila kumtoza senti. Unaandika jina na anwani, basi. Sikuamini, lakini niliandika namba ya sanduku la posta la mjomba. Wiki kadhaa baadaye bahasha ikafika. Neno Ubuntu ni la lugha za kusini mwa Afrika na ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Nilipolisoma juu ya ile diski nilihisi nimeandikiwa barua na mtu wa ukoo. Miaka hiyohiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikuwa kimeshatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Kwa kijana fundi redio wa Ngamiani, ilikuwa kama mlango umeachwa wazi makusudi.

Niliuweka mfumo ule usiku mmoja. Ukawaka vizuri, kahawia tupu, lakini kila kitu kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Dirisha moja lilijaza kioo chote na vitufe vya chini havikuonekana. Skrini yangu ilikuwa kuukuu mno, haikuweza kujitambulisha kwa kompyuta, na kompyuta isipomjua mgeni humpa nafasi ndogo iliyo salama: nukta 640 kwa 480. Nilihangaika siku tano. Siku ya sita yule kijana wa mkahawani akaniambia, "Kaka, si uende chumbani ukawaulize wenyewe?"

Chumba alichokisema hakikuwa na kuta. Kilikuwa kwenye IRC, mtandao wa soga ulioanzishwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, mwezi Agosti 1988. Majina ya vyumba vyake huanza kwa alama ya reli. Unachagua lakabu, unataja chumba, unaingia. Hakuna picha wala sauti, ni maandishi matupu, mstari baada ya mstari, na kwa kanuni zilizoandikwa mwaka 1993 ujumbe mmoja hauzidi herufi 512. Unachokiandika wote waliomo wanakiona papo hapo. Ukitoka, yatakayosemwa nyuma yako hayakufuati.

Niliingia alasiri moja, upande wa kulia wa kioo kukiwa na majina mia kadhaa yaliyopangwa kwa alfabeti, sikujua hata moja. Mkahawani tulilipa kwa dakika, na saa ilikuwa ikihesabu kwenye kona ya kioo. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha shule: hamjambo nyote. Maandishi yalikuwa yakipanda kama maji ya mto, watu wakisemezana habari za kadi za picha na diski, lakini hakuna aliyeniitikia. Nikaandika tena: nina tatizo, naomba ruhusa ya kuuliza. Mtu mmoja akanijibu kwa maneno mawili, "Uliza tu." Sikuyapokea kama ruhusa. Kwetu, anayekwambia "haya sema" kabla hamjajuliana hali ni mtu aliyekuchoka. Nikaandika mara ya tatu, nikiwauliza kama wote ni wazima. Kimya. Dakika zangu zikaisha nikaondoka, tena nimenuna, jambo ambalo hata adabu ya hodi yenyewe hairuhusu.

Siku mbili baadaye nilirudi. Safari hii niliacha salamu nikaandika moja kwa moja: skrini yangu haifanyi kazi, nisaidieni. Baada ya dakika kadhaa mmoja akauliza, "Haifanyi kazi vipi?" Nikajibu kwamba haifanyi kazi vizuri. Hakurudi. Nikangoja, macho kwenye saa ya malipo, kisha nikatoka.

Mara ya tatu nilikwenda na disketi yenye faili la mipangilio ya skrini, kwa kuwa nilimwona mtu akiambiwa alete la kwake. Nikalinakili lote nikalimwaga chumbani, mistari zaidi ya mia. Kila mstari ulikwenda kama ujumbe peke yake, na watu waliokuwa katikati ya mazungumzo wakafunikwa kama waliomwagiwa mchanga. Hazikupita sekunde nyingi roboti ya chumba ikanitoa nje. Nikarudi bandani, nikamweleza mjomba jinsi watu wa mitandaoni walivyo na kiburi. Mjomba hakusema kitu. Alikuwa ameshika bisibisi mdomoni.

Asubuhi iliyofuata akaja bibi mmoja na redio iliyofungwa kwa kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Redio yangu imekufa."

Nikaipokea, nikamwandikia karatasi, nikamwambia arudi kesho. Mjomba akatoa bisibisi mdomoni. "Mjomba," aliniita hivyo, nami nikimwita hivyohivyo, kama ilivyo desturi, "umemwuliza nini?"

"Kasema imekufa."

"Redio haifi. Mwulize ilikuwa inafanya nini ilipokata sauti."

Akamwuliza mwenyewe, taratibu, akimpa kigoda kwanza. Ilikata ghafla, au ilififia? Ilikuwa kwenye betri au kwenye umeme? Taa yake ndogo inawaka? Ukizungusha kifundo cha sauti inakwaruza? Iliwahi kuanguka? Bibi akakumbuka kwamba ilikuwa ikififia kwa wiki nzima, kwamba ikiwa kwenye umeme inalia vizuri, na kwamba wajukuu walikuwa wamebadilisha betri. Mjomba akafungua mlango wa nyuma: betri moja ilikuwa imevuja, na ncha ya waya imeota ukungu wa kijani. Akaikwangua kwa msasa, akatia betri mpya, redio ikaimba. Bibi alikaa pale dakika kumi tu.

Nilibaki nimesimama na ile karatasi mkononi. Mwaka mzima nilikuwa nikiwalalamikia wateja wanaoleta kitu na kusema "kimekufa", kana kwamba fundi ni mpiga ramli. Na kule chumbani, mbele ya mamia ya watu, mimi ndiye niliyekwenda na redio iliyofungwa kwa kanga. Yule aliyeniuliza "haifanyi kazi vipi?" alikuwa akiniuliza swali la mjomba kwa maneno mengine, nami nikaliona tusi.

Jioni ile nilikwenda mkahawani bila nia ya kuuliza lolote. Nilitaka kukaa tu. Hilo nalo nililijua tangu utotoni nikalisahau: mtoto akifika kwenye baraza la wazee hutafuta pa kukaa, akasikiliza, akajua nani anaheshimiwa kwa lipi na mzaha unaishia wapi, ndipo siku moja anafungua kinywa. Niliketi saa nzima nikisoma. Niliona kwamba hakuna aliyesalimiwa na mamia, maana mamia wakimwitikia kila anayeingia hakuna neno jingine litakaloonekana. Niliona kwamba "uliza tu" waliambiwa wote, na aliyeisikia akashukuru na kuuliza alipata watu watatu kwa mpigo. Niliona mtu akielekezwa faili refu aliweke kwenye ukurasa wa pembeni kisha alete anwani yake tu. Na niliona mtu akimwambia mwenzake aliyechelewa: soma kumbukumbu.

Kumbe mazungumzo ya chumba kile yalihifadhiwa hadharani, siku baada ya siku, na mtu yeyote angeweza kuyasoma. Nikafungua siku yangu ya pili. Saa zilikuwa za kipimo cha dunia, ambazo ukiondoa tatu unapata saa zetu za Kiswahili bila kukosea. Saa 13:05, yaani saa kumi na dakika tano jioni, lakabu yangu: skrini yangu haifanyi kazi, nisaidieni. Saa 13:31 mfumo umeandika kwamba nimetoka. Nikaendelea kushuka. Saa 14:12 kulikuwa na mtu ameitaja lakabu yangu.

"Bado upo?" aliandika. Kisha, bila kungoja: nitajie toleo unalotumia na aina ya skrini. Ikiwa ni ya zamani, nyuma yake au kwenye kijitabu chake kuna masafa mawili, ya mlalo na ya wima. Yanakili kama yalivyo. Usikisie, maana skrini za aina hiyo huweza kuungua zikisukumwa nje ya masafa yake.

Mwingine akamwambia, "Ameshatoka."

Naye akajibu, "Haidhuru, huenda atasoma."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na ni mistari michache iliyonigusa kama ule. Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni ya siku ile nilikuwa kibarazani, nimenuna. Na mtu nisiyemjua, sijui wa nchi gani, alikuwa amekaa mbele ya kiti changu kitupu akinijibu. Wao hawakulipa kwa dakika. Waliacha kompyuta zikiwa zimeunganishwa mchana kutwa, wakipita kazini mwao, wakirudi kutazama kilichoulizwa, kama mtu aliye jikoni anayesikia sauti ya uani na kusema "nakuja". Kwangu kimya cha dakika kumi kilikuwa ni kukataliwa. Kwao kilikuwa ni mtu amekwenda kuchemsha chai. Hakuna aliyekuwa na makosa. Saa zetu zilikuwa za bei tofauti.

Nilikwenda nyumbani nikaigeuza skrini kwa tochi, nikanakili namba. Kisha nikaandika swali kwenye daftari, nikalifuta, nikaliandika tena, hadi likaingia mistari mitano. Natumia Ubuntu 5.10. Skrini ni ya chogo, inchi 15, inaonyesha nukta 640 kwa 480 tu. Masafa yaliyoandikwa nyuma yake ni kilohezi 30 hadi 54 kwa mlalo, hezi 50 hadi 120 kwa wima. Nimelifungua faili la mipangilio lakini sijui niyaandike wapi. Nitakuwapo dakika 40. Nikiondoka, nitasoma kumbukumbu kesho.

Nikalipeleka chumbani. Jibu lilikuja baada ya dakika saba, la mistari miwili ya kuongeza ndani ya faili na mahali pake. Usiku ule niliiandika, nikaiwasha upya kompyuta, na kioo kikafunguka: nukta 1024 kwa 768, maandishi membamba, vitufe vyote vinaonekana. Nilimwamsha mdogo wangu aje aone. Hakuelewa anachotazama, lakini alikaa nami.

Kesho yake nilirudi chumbani kwa jambo moja. Niliandika kwamba imekubali, nikataja mistari iliyofanya kazi, nikashukuru. Sikujua kuwa hilo ni jambo kubwa mpaka nilipokaa upande wa pili. Anayejibu wageni hutupa mbegu gizani. Asipoambiwa zimeota hajui kama aliyosema ni kweli, na mwenye tatizo lilelile mwezi ujao atakuta swali bila mwisho. Yule wa "haidhuru" sikumwona tena kwa lakabu ile. Shukrani zangu niliziweka chumbani, palepale alipoliacha jibu lake.

Nilibaki kwenye vyumba vile miaka kadhaa, na si yote niliyojifunza yalikuwa matamu. Katika chumba kingine, kidogo, nilipouliza namna ya kupata nafasi kwenye diski iliyojaa, mtu aliniandikia faraghani, kwa upole mwingi, amri fupi ya kuandika. Kwa bahati nilikuwa nimeshapata mazoea ya kutoandika nisichokielewa. Nikaiweka mbele ya wote nikauliza inafanya nini. Watu wanne walijibu mara moja: usiiguse, inafuta kila kilichomo. Tangu siku hiyo sitoi wala sipokei ushauri wa ufundi faraghani kwa mtu nisiyemjua. Ushauri unaotolewa barazani una masikio mengi ya kuukosoa. Unaonong'onezwa pembeni hauna mkosoaji. Na hilo linamlinda hata mshauri mwema, ambaye naye hukosea.

Kisha ikaja siku ya kujibu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba sina cha kuwapa watu wale, kwa vile walijua mambo ambayo hata majina yake sikuweza kuyatamka. Jioni moja mtu akalalamika kwamba spika za kompyuta yake zinavuma tangu aweke mfumo mpya. Wajuzi wakamzungusha kwenye mipangilio ya sauti kwa nusu saa. Nami nilikuwa nikiufahamu mvumo ule. Nilikuwa nikiusikia bandani kila wiki. Mikono ikitetemeka nikaandika: ukichomoa waya wa spika kwenye kompyuta, ukaacha spika kwenye umeme, mvumo unaendelea? Akachomoa. Unaendelea. Basi kompyuta haimo, nikamwambia. Ni kapasita ya kuchuja umeme ndani ya spika, imekauka. Chumba kikanyamaza kidogo, kisha mmoja wa wakubwa wa pale akaandika kwamba amejifunza kitu leo.

Ndipo nilipoelewa chumba cha soga ni kitu gani kwa watu wenye mapenzi ya jambo moja. Hakikai kwa sababu kuna wajuzi na wajinga. Kinakaa kwa sababu kila mtu anajua kipande, na hakuna anayejua nani atakihitaji kipande chake hadi aliyenacho awe amekaa pale kwa muda wa kutosha kusikia swali likipita.

Mambo yamebadilika sana. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukitua na Dar es Salaam, tukaacha kutegemea setilaiti peke yake; simu zikaja, bando likaja, mikahawa ya intaneti ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Vyumba navyo huhama. Mwezi Mei 2021, mtandao wa IRC ulioitwa Freenode, uliokuwa na chumba kile kilichonilea, ulikumbwa na mgogoro wa umiliki. Wasimamizi wake wa kujitolea wakaondoka wakaanzisha Libera.Chat, na jumuiya nyingi, Ubuntu ikiwamo, zikawafuata. Katika siku chache watu waliofahamiana miaka mingi walikuwa wamekaa upya mahali papya, kwa lakabu zilezile, wakiulizana yaleyale. Wazee wa kibaraza chetu walifanya hivyo pia mwenye nyumba alipovunja kibaraza ajenge duka: walihamia chini ya mwarobaini, na bao likaendelea.

Leo nipo kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa redio za zamani na kompyuta kuukuu. Tupo Tanga, Mombasa, Unguja, na wawili wako Muscat. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kundi moja tangu mwaka 2022, lakini sisi tuko chini ya mia na tunatosha. Mimi ni mmoja wa wasimamizi, na kila mgeni anapoingia namwona kijana wa mwaka 2006 akiwa na saa inayohesabu kwenye kona ya kioo chake.

Mgeni huyo nampa machache, na kwa sauti ya kawaida. Kaa kwanza. Siku mbili tatu za kusoma zitakuonyesha mengi kuliko kanuni tulizobandika juu ya kundi, ingawa hizo nazo uzisome. Ukiwa na swali, salamu na swali viingie kwa mlango mmoja: tusalimu, sisi ni watu wa salamu na hatutaki kuacha kuwa hivyo, lakini katika ujumbe huohuo weka haja yako, usitungoje tukuitikie ndipo useme. Taja kifaa, taja ulichofanya, taja kilichotokea, na picha iwe moja inayoonekana. Kama una sauti ya dakika nne, kumbuka kuwa yupo anayesikiliza kwa bando la mwisho, na yupo aliye msikitini, kanisani au kazini asiyeweza kusikiliza kabisa. Mistari mitano ya maandishi humfikia kila mtu. Ukisaidiwa, rudi useme imekuwaje, hata kama haikukubali.

Namwambia pia jambo ambalo sisi wa IRC hatukulazimika kulifikiria. Kule nilivaa lakabu, na aliyetaka kunijua zaidi ilimbidi aniombe. Kwenye kundi la WhatsApp namba yako ya simu inaonekana na kila aliyemo, na wengi wao umewajua jana. Akikufuata faraghani mtu anayekuuzia kifaa kwa bei ya huruma au anayekutaka utume fedha kwanza, lilete barazani, kama nilivyoileta amri ile ya kufuta diski. Mwenye nia njema hataona haya kuulizwa mbele ya watu.

Kwa upande wetu tunaopokea, nimejiwekea sharti moja ambalo mjomba, Mungu amrehemu, alinifundisha bila kujua: anayesema "imekufa" sio mvivu. Hajui tu kipi katika anachokijua kina thamani kwa fundi. Bibi wa redio alikuwa na majibu yote. Alikosa mtu wa kumpa kigoda na kumwuliza. Kwa hiyo simjibu mgeni kwa kumsomea kanuni. Namwuliza ilikuwa inafanya nini ilipokata sauti.

Wiki chache zilizopita, usiku, namba mpya iliandika maneno mawili: redio imekufa. Hapakuwa na salamu wala picha. Mwenzangu mmoja akaweka alama ya kucheka. Nikamwandikia mgeni maswali ya mjomba, moja baada ya moja: imekata ghafla au ilififia, iko kwenye betri au umeme, taa inawaka, kifundo kinakwaruza. Tukangoja. Hakujibu. Alama za kuonyesha amesoma hazikuja.

"Huyo keshaishiwa bando," akaandika mwenzangu. "Umejichosha bure."

Nikaongeza mstari mmoja wa mwisho, wa kumwonyesha jinsi ya kuangalia ncha za betri na kuzikwangua kwa msasa akikuta ukungu wa kijani. Kisha nikamjibu mwenzangu.

"Haidhuru. Atasoma."